Tonge la Jaspal

"Ndoo moja ya maji ya moto," alisema mwenye nyumba ya wageni. "Moja. Si tatu."

"Lakini tuko watatu," alisema mzee Alam Singh.

"Na mmelipa kitanda kimoja. Mzee wangu, wale wageni wa ghorofani wametoka mbali na wanalipia kila kitu, mpaka blanketi la ziada. Nyinyi watu wa hapahapa bondeni mnakuja kuhiji Badrinath kama mnakwenda kwa shemeji."

Alam Singh alicheka. Alikuwa na kipaji hicho cha kucheka akitukanwa na mtu anayemhitaji, na maisha yalikuwa yamempa nafasi nyingi za kukitumia. Mkewe, Darshani, alisimama nyuma yake na furushi mgongoni. Ndani ya furushi mlikuwa na blanketi jipya la sufu, viatu na mwavuli, vyote vya kugawa kesho kwa jina la mwana wao Jaspal, na blanketi hilo lilikuwa zuri kuliko lolote lililowahi kulala nyumbani kwao. Nyuma kabisa alisimama Sulochana, mke wa Jaspal, bangili nyekundu za kioo zimemjaa mikononi na mstari wa rangi nyekundu uking'aa katikati ya nywele, alama ya mwanamke ambaye mumewe yu hai.

Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita tangu mafuriko ya Kedarnath yamchukue Jaspal, au yasimchukue, maana mwili haukuonekana. Dini inasema aliyepotea asubiriwe miaka kumi na miwili, kisha ahesabiwe wafu na apewe tonge lake la wali. Tonge hilo hutolewa mahali pengi. Lakini likitolewa kwenye jiwe la Brahma Kapal, hapo ukingoni mwa mto Alaknanda, basi ndiyo mwisho: marehemu halishwi tena wala haitwi tena, na jina lake halitajwi tena kwenye kafara yoyote. Ndugu zake wamemalizana naye.

Darshani hakutaka kumalizana na mtu. Kila jioni kwa miaka yote hiyo alikuwa akimpakulia Jaspal upawa mmoja kwenye bakuli lake la shaba, na asubuhi akimpa ng'ombe. Lakini mjukuu wake, Kanchan, binti wa Jaspal, alikuwa ameposwa, na watu wa upande wa mume walikuwa wamesema maneno yao wakinywa chai ya watu bila haya: "Hatuchukui binti kwenye nyumba isiyojua kama ina baba au haina. Mzikeni kwanza, au mleteni."

Ndipo Alam Singh alipouza mbuzi.

Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomfanya Darshani apande gari bila ubishi, na hilo hakumwambia mtu. Bachan, mwendesha nyumbu wa kijijini, alikuwa amemnong'oneza kinuni kwamba huko Mana, kijiji cha mwisho baada ya Badrinath, alimwona mtawa asiye na ncha ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Jaspal alikatwa ncha hiyo na mundu wa majani alipokuwa na umri wa miaka sita. Uvumi wa aina hiyo haukuwa mgeni kwake. Mwaka mmoja alikwenda mpaka mji wa Haridwar akamkumbatia mtawa sokoni huku akilia, na mtawa akamwacha alie mpaka amalize, kisha akamwomba hela ya chai. Tangu siku hiyo Alam Singh alikuwa akisema: "Mama Jaspal, ukimkumbatia mtawa mwingine, nakuacha hukohuko uwe mtawa na wewe."

*

Pandit Vachaspati, kuhani aliyepangiwa kuwahudumia, alikuwa na mafua. Aliwapokea kwenye kibaraza chake juu ya mto, akipangusa pua kwa ncha ya shali, akawauliza ukoo, jina la marehemu, na namna alivyopotea. Aliuliza kwa upole wa mtu anayeuliza hayo kutwa.

"Kesho mtakuja bila kula kitu," alisema. "Mtaoga kwanza kwenye chemchemi ya moto. Wali wa matonge nitautoa mimi, unapikwa jikoni kwa hekalu. Baba ndiye atakayetoa tonge, kwa kuwa marehemu hana mwana wa kiume. Kuna jambo moja. Kwa kuwa huyu hakuonekana mwili, nitauliza mara tatu: yupo aliyemwona hai, au aliyesikia habari zake? Atakayejibu ni aliyemzaa. Wengine wote kimya."

Darshani aliinamisha kichwa.

"Na mimi?" Sulochana aliuliza.

"Wewe, dada, utavunja bangili hapohapo mtoni baada ya tonge kutupwa. Vipande usirudi navyo nyumbani. Na baada ya hapo mtalisha watawa."

"Wangapi?" Alam Singh aliwahi.

"Kadiri ya uwezo wenu. Kumi hivi."

"Watano hawatoshi? Watawa wa siku hizi wanakula, Panditji. Si kama wale wa zamani waliokuwa wanaishi kwa upepo."

Kuhani alimtazama akatabasamu kidogo. "Mzee, mwanao unamlisha mara ya mwisho."

 Alam Singh akasema kumi ni sawa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakucheka.

*

Mchana Darshani alisema anakwenda Mana kuliona daraja la Bhim, lile jiwe kubwa ambalo shujaa Bhim alilitupa juu ya mto ili mkewe avuke. Alam Singh alisema magoti yake hayapandi mlima kwa ajili ya jiwe. Sulochana alimtazama mama mkwe wake akifunga shali kiunoni.

Kule Mana wanawake walikuwa wamekaa vizingitini wakifuma soksi za sufu na kuwaita wageni wanunue. Darshani alimuuliza mmoja wao kuhusu mtawa mwenye kidole kilichokatika, na yule mama, bila kuacha kufuma, akaelekeza kwa kidevu. "Yule asiyeongea sana? Juu ya mashamba ya viazi, penye kibanda cha mawe. Mpelekee sukari ukitaka baraka, ana tamaa ya sukari huyo."

Jaspal mtoto alikuwa akilamba sukari mkononi mpaka mkono unanata. Darshani alipanda kijia akihema, akijiambia njia nzima kwamba watu wengi wanapenda sukari.

Mtawa alikuwa amechuchumaa mbele ya moto wa kuni mbichi, ndevu mpaka kifuani, nguo ya rangi ya udongo imefifia. Alikuwa anapuliza moto.

"Keti, mama," alisema bila kugeuka. "Chai bado."

Sauti ya mtu haioti ndevu. Darshani aliketi.

"Jaspal."

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Kidole hicho nilikifunga mimi kwa kipande cha kilemba cha baba yako, damu ikachuruzika mpaka kiwikoni kwangu. Usinifundishe jina lako."

Mtawa aliacha kupuliza. Aliweka mikono magotini, na Darshani akaona mabega yake yanashuka kama ya mtoto aliyekamatwa na kosa. Furaha ilimpanda mama huyo mpaka ikamuuma. Alitaka kumshika usoni. Aliogopa.

"Mbona hukurudi?"

"Nilirudi. Nilifika mpaka kisimani kwetu, siku chache baada ya maji. Nikamwona Sulochana anateka maji, Kanchan amemshika nguo. Nikageuka."

"Kwa sababu gani? Nani alikukosea?"

"Mohan," alisema.

Mohan alikuwa mdogo wake Sulochana, kijana wa miaka kumi na saba. Jaspal ndiye aliyekwenda kumwomba kwa mama yake, akamwahidi mama huyo kwamba kijana atafanya naye kazi ya kubeba mahujaji kwa nyumbu kule Kedarnath msimu mmoja tu na kurudi na fedha za paa jipya. Mwili wa Mohan ulipatikana siku ya tatu kwenye mchanga, mbali kule chini. Sulochana alikuwa amewalilia wote wawili kwa pamoja, akisema angalau walikuwa pamoja.

"Mohan alichukuliwa na maji," Darshani alisema.

"Hapana, mama. Tulikuwa tumening'inia ukutani, mimi nimeshika chuma, yeye nimemshika mkono. Nikaona chuma kinanitoka. Nikafungua vidole. Alikuwa ananitazama."

Moto ulitoa moshi ukawaingia machoni, na hakuna aliyesogea.

"Sulochana angekusamehe," alisema Darshani.

"Ndicho nilichokiogopa."

"Basi rudi usimwambie! Nani atamwambia? Mimi? Nitalimeza, nitakufa nalo. Kanchan anaolewa, mwanangu, anahitaji baba wa kumtoa. Kesho tunakupa tonge pale kwenye jiwe. Unajua maana yake?"

"Najua. Nilishajipa mwenyewe." Alisema hivyo kwa utulivu uliomtisha mama yake kuliko kilio. "Mtawa hujizika kwanza ndipo avikwe nguo hii. Mwalimu wangu alinikalisha palepale Brahma Kapal, nikajitajia jina langu, nikajitupia wali wangu mtoni. Mmechelewa. Mimi ni mfu siku nyingi."

"Mfu hachemshi chai," alisema Darshani.

Nusura acheke. Pembe za macho zilikunjana kama za baba yake, kisha zikarudi mahali pake. "Nikirudi, mama, nitamwambia. Sitaweza kula chakula alichokipika bila kumwambia. Unataka nije na hilo harusini?"

 Hapo akapita mwanamke amebeba tenga la viazi, akasimama, akaweka vitatu kwenye bakuli la mtawa.

"Ubarikiwe, mama," mtawa alimwambia.

Ilikuwa sauti ileile. Neno lilelile, mama, kwa uzito uleule. Darshani aliinuka, akatoa mfuko mdogo wa sukari aliokuwa amenunua njiani, akauweka chini, maana mkononi asingeweza kumpa bila kumshika.

"Kesho usishuke," alisema. "Baba yako haoni vizuri, lakini Sulochana ana macho."

"Sitashuka."

*

Jua lilipozama nyuma ya kilele cha Nilkanth, Sulochana alikuwa amekaa kitandani akichana nywele. Alam Singh alikuwa nje akizozana na mwenye nyumba kuhusu mshumaa. Sulochana alifungua kikopo cha rangi nyekundu, akachovya kidole, akaupaka mstari wa nywele polepole kuliko siku zote.

"Mama, Mana ulikwenda kutazama daraja au kutazama watawa?"

"Daraja."

"Ni zuri?"

"Jiwe tu."

Sulochana alicheka. Alikuwa na kicheko kizuri, na Darshani alikumbuka kwamba ndicho kilichomfanya amchague kwenye harusi ya watu miaka ile, kabla hata hajamwona uso. Binti yule alikuwa amechoka sasa. Mikono ilikuwa imekauka kwa kukata majani ya ng'ombe, na ng'ombe wenyewe walikuwa wa mama mkwe.

"Nikuambie neno, usinichukie," alisema. "Mimi huwa naomba awe amekufa."

Darshani alifungua shali kiunoni.

"Wewe mama yake unaomba awe hai, ni haki yako. Lakini kama baba Kanchan yu hai, basi kila asubuhi kwa miaka yote hii ameamka, akanawa uso, akaamua kutorudi kwangu. Kila asubuhi, Mama. Hilo silibebi. Maji nayabeba. Maji hayakunichukia." Alifunga kikopo. "Kama kuna kitu unakijua, niambie sasa hivi, bangili bado ziko mikononi. Sitaki kesho kusimama mbele za watu nikavunja bangili za mtu aliye hai. Heri nirudi kwetu na aibu ya kuachwa kuliko kufanywa mjinga."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema, na Darshani alipajua. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lakini nyuma ya neno hilo alikuwepo Mohan, na nyuma ya Mohan alikuwepo Kanchan na nguo zake za harusi ambazo fundi alikuwa ameshazikata. Tena, na hili ndilo lililomuumiza baadaye kuliko yote, alikuwepo mwanawe mwenyewe, ambaye hakutaka mtu yeyote duniani amjue kwa vile vidole alivyovifungua.

"Sijui kitu, mwanangu," alisema.

Sulochana alimwangalia kidogo, akatikisa kichwa, akalala akaelekea ukutani.

*

Asubuhi mvuke ulipanda kutoka chemchemi ya moto, na nje ya mvuke huo kulikuwa na baridi ya kupasua midomo. Waliketi ukingoni juu ya jiwe tambarare. Alam Singh alikuwa amevalishwa pete ya majani makavu kidoleni, na uzi wake mtakatifu umehamishiwa bega la kulia, upande wa wafu. Mbele yake palikuwa na jani, na juu ya jani tonge la wali lililochanganywa na ufuta mweusi. Kuzunguka kwao familia nyingine nazo zilikuwa na matonge yao, wana wakiwapa baba zao, na kila aliyemtazama Alam Singh alielewa kwamba hapa mambo yamepinduka, akageuza uso.

Pandit Vachaspati alipenga kamasi, akanawa mikono, akaanza kusoma. Kisha akasimamisha kisomo.

"Jaspal Singh, mwana wa Alam Singh. Yupo aliyemwona hai, au aliyesikia habari zake?"

Darshani alitazama mto. Maji yalikuwa ya kijivu na yalikuwa yanakimbia kwa kelele.

"Jibu, mama," kuhani alisema taratibu. "Lazima lisikike."

"Hakuna."

"Yupo aliyemwona hai, au aliyesikia habari zake?"

"Hakuna."

Mara ya tatu Alam Singh aligeuka akamtazama mkewe, na katika macho yake yenye ukungu Darshani aliona jambo ambalo hakuwahi kulishuku: mzee huyu mcheshi, aliyemkataza watawa miaka yote, alikuwa anamwomba aseme yupo. Alikuwa anaomba kwa mwili mzima. 

"Hakuna," alisema Darshani.

Mzee alifumba macho, akalisukuma tonge majini kwa mkono wa kulia, kwa upande wa kidole gumba, kama alivyoelekezwa. Lilizama palepale.

Sulochana hakusubiri kuambiwa. Alishuka mpaka penye mawe, akachuchumaa, akaigonga mikono yake pamoja, kisha akaigonga kwenye jiwe, kulia, kushoto, mpaka vioo vyote vikatoka. Kimoja kilimkata. Alifuta mstari wa nywele kwa kiganja chenye maji, na wekundu ukamchuruzika mpaka kwenye nyusi. Hakulia. Alipopanda alikuwa anafanana na mtu aliyetua mzigo na bado hajui mikono aiweke wapi.

*

Watawa waliketi mstari mmoja kando ya ukuta. Sulochana alipita na ndoo ya wali na upawa, Darshani nyuma yake na dengu, na Alam Singh mwisho akimpa kila mmoja sarafu na kuomba radhi kwa uchache wake. Kumi walikuwa tayari wamekaa, ndipo wa kumi na moja akaja akichechemea kutoka njia ya Mana, akaketi mwisho, kichwa kimeinama.

Darshani alimwona kabla hajaketi. Alisema hatashuka, na alikuwa ameshuka. Pengine alitaka kumwona baba yake mara moja. Pengine utawa wote ule na kujizika kote kule havikutosha kumzuia mtu anayejua kwamba wali wa nyumbani unagawiwa, hatua chache chini ya mlima. Darshani alitaka kumwita Sulochana, kumwambia ndoo ni nzito, nipe mimi. 

Lakini Sulochana alikuwa ameshafika kwa wa mwisho. Mtawa alinyanyua bakuli kwa mikono miwili, na kidole cha mwisho cha kushoto kikatokeza ukingoni, kifupi.

Upawa ulisimama hewani. Sulochana alikitazama kidole, kisha akamtazama mtawa usoni, na mtawa naye, kwa udhaifu wa nukta moja, akainua macho.  Sulochana aligeuza shingo polepole akamtazama mama mkwe wake aliyesimama na sufuria ya dengu, na akamtazama kwa muda mrefu, damu ya kile kipande cha kioo ikiwa bado mbichi kwenye kifundo kitupu cha mkono wake.

Kisha akamimina upawa mmoja. Akaongeza wa pili.

"Kula, Maharaji," alisema, kama alivyowaambia wale kumi.

Darshani naye akamimina dengu. Nyingi zilimwagika nje ya bakuli.

Alam Singh alifika akipapasa na blanketi jipya begani. Kuhani alikuwa amesema limpate mmoja asiye nalo, na mzee alikuwa ameshika bega la kila mtawa ili kujua. La huyu lilikuwa na nguo moja tu. "Ah, mwanangu, utakufa na baridi," alisema, akamvika mwenyewe, akamfunga vizuri kifuani kama anavyofungwa mtoto anayekwenda shule. Mtawa alikuwa anakula bila kuinua kichwa. Alikula mpaka akamaliza, akalamba vidole, akaondoka na blanketi lake kupanda mlima.

*

Gari lilipoanza kushuka kuelekea kijiji cha Pandukeshwar, Alam Singh alikaa katikati ya wanawake wawili na alikuwa mwepesi kuliko siku nyingi. Aliwapa karanga. Wote wawili walikataa, akazila mwenyewe. Alisema sasa barua iende kwa watu wa upande wa mume wakapange siku. Alisema bakuli la shaba apewe Kanchan aende nalo kwake, ni shaba nzuri, haifai kukaa tupu.

Sulochana alikuwa ameegemea dirisha. Tangu asubuhi hakuwa amemtazama Darshani tena. Darshani alikuwa amemwita mara mbili, mara ya pili kwa jina, na alijua kwamba watapika jiko moja na kukata majani mlima mmoja mpaka mmoja wao afe, na hataitikiwa.

"Unajua," mzee alisema, akipangusa maganda mapajani, "yule wa mwisho alikula kwa moyo. Nilipomvika blanketi nilihisi kitu. Mtanicheka. Nilihisi kama nimemlisha yeye mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Sulochana alikuwa anavisugua vifundo vya mikono yake, mahali ambapo bangili zilikuwa zimeacha alama.

"Umemlisha, Baba," alisema.